Maneno ya Kanga Yalipopitia Baleni

Redio ya kwanza niliyofundishia ilikuwa kipande cha mti wa mnazi. Nilikichonga mwenyewe uani kwa mama, nikakitoboa ubavuni na kutia kijiti kinachoingia na kutoka, hicho ndicho kifungo. Shirika lilikuwa limeagiza redio za upepo, zile za kuitana kwa sauti, moja ya makao makuu Kilindoni na nyingine za kambi za mashambani, na meli iliyozibeba ilikuwa haijafika. Meneja akataka watu wazizoee kabla hazijashuka. Nikamuuliza watazizoeaje wakati hazipo. Akanijibu kwamba ndiyo maana ananilipa mshahara.

Ninyi vijana nawasikia mnavyolalamika. Mnaletewa mfumo wa kompyuta kazini, mnaitwa semina, mnapewa soda na cheti, kesho yake mnaambiwa mafaili yamefungwa na asiyejua shauri yake. Mjukuu wangu mmoja alikuja kwangu amenuna wiki nzima kwa sababu hiyo. Mimi kompyuta siijui na sitajifanya naijua. Ninachokijua ni asubuhi moja ambayo mashine zetu zote zilikuwa nzima, kila mtu alibonyeza alipofundishwa kubonyeza, na bado kijana wa watu alikuwa anatuponyoka. Alikuwa mkwezi wa kambi ya Kanga, jina lake Makame. Nitafika kwake, lakini kwanza mjue tulikuwaje, la sivyo hamtaelewa kwa nini ilikuwa vigumu kusema jambo jepesi.

Mashamba yale ya minazi yalikuwa yametaifishwa, yako chini ya shirika la umma, na sote tulikuwa ndugu: ndugu Meneja, ndugu karani, ndugu mfua nazi. Mimi kabla ya redio nilikuwa tarishi. Kazi yangu ilikuwa baiskeli. Natoka Kilindoni na maneno ya ofisi, napita Baleni, nakwenda mpaka Kanga kwenye mchanga unaomeza gurudumu, nalala huko, narudi na maneno ya kambi. Kwa hiyo redio ilipotangazwa, wa kwanza kufukuzwa kazi na mashine nilikuwa mimi. Niliinunia kuliko mjukuu wangu. Meneja aliniita akaniambia mtu anayejua njia ya maneno ndiye anayefaa kufundisha njia mpya, nichague kufundisha au kurudi kwetu kulima mihogo. Nikachagua kufundisha, tena kwa shingo upande.

Huyo Meneja, Ndugu Gideoni, alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mrefu, mkali, aliyewahi kufanya kazi za simu huko kwao. Watu walimsema sana, lakini mimi alinitoa tongotongo. Alinifundisha kwamba redio ile ni kama mlango mwembamba, anapita mmoja tu. Ukibonyeza kifungo unasema na hupati kusikia. Ukiachia unasikia na huwezi kusema. Wawili wakibonyeza pamoja hakuna anayepata kitu. Na kila neno linasikika kambi zote, wala hakuna la pembeni. Alinifundisha pia umbo la ujumbe: nini kimetokea, wapi, mnataka nini, halafu "ova" na kuachia. Betri zilikuwa za gari, zinachajiwa Kilindoni na kurudishwa kwa lori, kwa hiyo maneno mengi yalikuwa yanakula betri ya mwenzako. Salamu aliruhusu moja.

Waambie watu wa kisiwa chetu cha Mafia salamu moja. Mzee Mshamu, mnyapara wa Kanga, aliniuliza kama huyo Meneja amezaliwa na mama au ameangushwa na ndege. Tulikuwa tumeambiwa tusiseme tena mnyapara, tuseme msimamizi, lakini yeye mwenyewe alijiita mnyapara na hakuna aliyembishia. Alikuwa mtu wa heshima zake, kanzu safi hata siku ya kazi, tambuu mdomoni. Siku ya kwanza ya mafunzo nilimpa kile kipande cha mti akakitemea tambuu bila kukusudia, nikakiosha. Siku ya pili alikigeuza akaniuliza kwa nini akiita atasema "hapa Kanga" badala ya kusema Mshamu bin Haji, kwani yeye hana jina? Nikamwambia anayeita ni kambi, si mtu. Akanitazama kwa huruma, akasema kambi haina mdomo.

Kwa wale watakaopewa kazi ya kufundisha wenzao, nawapa nililolipata kwa taabu. Wazee wafundisheni peke yao kwanza, alasiri, watoto wao wasione wanavyokosea. Mtu mzima haogopi mashine, anaogopa kuchekwa. Halafu waketisheni wanafunzi migongo ikigusana. Nilipowaketisha uso kwa uso kila kitu kilikwenda vizuri, nikajisifu. Nilipowageuza migongo, mambo yakaharibika hapo hapo. Mmoja alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mwingine, akiulizwa magunia ya mbata, nazi kavu, yamefikia wapi, aliinua mkono kuonyesha kimo, ova. Tulicheka mpaka machozi, lakini nilirudi nyumbani na wasiwasi, kwa sababu niliona jinsi maneno yetu mengi yanavyosemwa na uso na mkono, mdomo ukiwa unasindikiza tu.

Aliyeshika mapema kuliko wote alikuwa Zuhura wa Baleni. Alikuwa mbanjaji nazi, mpasuaji wa nazi za kukaushwa, mke wa Makame, na kwa hiyo mkwe wa Mzee Mshamu, kwani Makame alikuwa mwanawe. Mumewe alikuwa amehamishiwa Kanga msimu ule kwa sababu ya minazi mirefu ya kule, yeye akabaki Baleni na kazi yake. Sauti yake ilikuwa kavu, haina haraka, kila neno linafika zima. Redio ziliposhuka melini, nikamweka kwenye redio ya Baleni. Wanaume wawili waliotaka nafasi ile waliniwekea kinyongo, na mmoja hajanisalimu mpaka leo. Nafasi ilikuwa muhimu kwa sababu Kanga iko mbali na mchana sauti yake ilikuwa haifiki Kilindoni. Tulisikia mvumo tu. Baleni ilisikia pande zote mbili. Kwa hiyo neno la Kanga lilipokelewa na Zuhura, naye akalipitisha kwetu. Nilimfundisha alipitishe kama lilivyo, asiongeze wala asipunguze.

Basi asubuhi hiyo. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri ikakatika. Meli ilikuwa imetia nanga nje ya Kilindoni ikingojea mbata, na maji yalikuwa yanajaa. Yakianza kutoka, mashua za kupakia zinakaa juu ya mchanga na meli haingoji. Lori letu lilikuwa moja tu zima, lingine limekaa juu ya mawe likisubiri vipuri. Lilikuwa limekwisha pakiwa magunia, dereva yuko kwenye usukani, injini inanguruma. Meneja alisimama mlangoni mwa ofisi, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mimi nilikuwa kwenye redio.

Ikasikika sauti ya Zuhura. "Kilindoni, hapa Baleni. Ujumbe wa Kanga. Mzee Mshamu mwenyewe anasema hatujambo. Makame ameteleza kidogo. Gari likipata nafasi lije. Ova."

Sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku. Amepitisha neno kama lilivyo, hakuongeza wala kupunguza.

Meneja akaniuliza ni nani, nikamwambia ni mkwezi mmoja. Akasema kama ni kidogo basi lori likimaliza pwani litakwenda, huenda jioni. Hakukosea. Maneno aliyoyasikia yalisema hivyo, na nusu ya kazi ya msimu ilikuwa juu ya lori lile.

Mimi sikuridhika. Nimebeba habari mbaya kwa baiskeli miaka mingi, na habari mbaya kwetu haisemwi ilivyo. Mtu akifariki, tarishi anafika anasema mama hajiwezi kidogo, mnaitwa. Anayepokea anamtazama. Akiona tarishi hakai, hapokei maji, anaangalia chini, amekwisha jua, na kilio kinaanza kabla hujafunga mdomo. Neno "kidogo" linawekwa kwa ustaarabu, uso ndio unaosema kiasi chake. Na sasa neno lilikuwa limekuja bila uso. Tena lilitoka kwa Mzee Mshamu, ambaye redio hakuipenda hata kidogo na siku zote alimwachia karani wake. Kwa nini leo ameishika mwenyewe? Na angewezaje kusema zaidi, wakati anayemwambia ni mke wa huyo aliyeteleza?

Nikamwambia Meneja asiruhusu lori. Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza haraka haraka, naona aibu ninavyojichanganya, kwamba mkwezi hatelezi sakafuni. Hakunidharau. Alitazama saa, akatazama pwani, akasema, "Ndugu Bakari, siwezi kuacha meli kwa hisia zako. Uliza. Nipe neno moja la kushika."

Nikabonyeza. Nikamwambia Baleni amuulize Kanga, kidogo kiasi gani. Tukangoja. Upande wa Kanga kwetu ulikuwa mvumo, kama mtu anayekwangua sufuria. Kisha Zuhura akarudi. Kanga inasema si sana, ila gari lisichelewe. Nikauliza anaweza kukaa. Mvumo tena. Kanga inasema amepumzika. Nikauliza wanataka nini. Kanga inasema dua, na gari.

Dereva akapiga honi. Meneja akaingia ndani mguu wa pili.

Vijana, nililijua swali la kuuliza. Lilikuwa ni hili: yu hai? Lakini swali hilo lilikuwa lazima lipite kinywani mwa mkewe kwenda, na jibu lake lipite kinywani mwa mkewe kurudi. Na kambi zote zinasikiliza. Mzee kule alikuwa anamkinga mkwe wake, na mimi huku nilikuwa namkinga vile vile, na kati yetu Makame yuko chini ya mnazi. Nilibonyeza kifungo nikaachia bila kusema. Nikabonyeza tena. Meneja akaniambia polepole, "Maji yanaanza kutoka."

Hapo ndipo Zuhura alipokatiza. "Kilindoni, subiri."

Kisha akamwita Kanga, na sisi tukasikia upande wake peke yake. Alianza na shikamoo. Akangoja aitikiwe. Halafu akasema hivi, na mpaka leo nikifumba macho naisikia ile sauti kavu.

"Baba, hapa si Zuhura. Zuhura nimemtoa nje. Hapa ni Baleni. Nipe neno kama lilivyo. Ova."

Mvumo ukaanza. Ulikuwa mrefu. Meneja alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akashika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili. Injini nje iliendelea kunguruma na hakuna aliyeisikia.

"Kilindoni, hapa Baleni. Ujumbe wa Kanga. Mkwezi ameanguka kutoka juu ya mnazi. Anapumua. Hasemi. Damu inatoka sikioni, na mguu umevunjika. Wanataka gari, na mganga, na ubao wa kumlaza. Mwisho wa ujumbe. Ova."

Alisema mkwezi. Hakusema Makame, hakusema mume wangu. Nini, wapi, mnataka nini, kama nilivyomfundisha juu ya kipande cha mti, nami nikajichukia kwa jinsi nilivyomfundisha vizuri.

Meneja alininyang'anya kidude cha kusemea akasema gari linakuja. Akatoka nje mbio, mtu ambaye sikuwahi kumwona akitembea haraka, akapanda lori mwenyewe na kuanza kusukuma magunia chini kwenye matope. Makuli walidhani amerukwa na akili, kisha wakamsaidia. Tukang'oa ubao wa dirisha la ghala, tukampitia bwana mganga hospitalini akiwa bado anavaa koti lake, tukaondoka. Meneja alirudi kukaa kwenye redio ya Kilindoni. Aliniambia jambo moja tu, nishuke Baleni nimpokee yule binti zamu.

Nilishuka Baleni, lori likaendelea. Zuhura alikuwa amekaa wima, kanga ameifunga kichwani, kidude mkononi. Nikamwambia atoke, apande gari afuate, kuna nafasi. Akakataa. Nikamwambia mimi nitakaa kwenye redio. Akaniambia, "Wewe hatakwambia, kaka Bakari. Atasema hajambo." Ilikuwa kweli. Nikakaa chini mlangoni, na kila baada ya muda yeye aliiita Kanga, anapumua? na Kanga ikajibu, anapumua, na yeye akaipitisha Kilindoni, anapumua. Betri ya Kanga ilikuwa inakwisha, sauti ya Mzee inazidi kuwa nyembamba. Hakulia. Vidole vyake vilivyoshika kidude vilikuwa vimebadilika rangi, nami sikuthubutu kuvigusa.

Halafu Kanga ikasema gari limefika, wamempakia. Baada ya hapo hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Lori halina redio. Ule ndio muda mrefu kuliko wote niliowahi kukaa katika kazi, na kazi nimeifanya mpaka mvi. Wafanyakazi wa Baleni walikuwa wamekusanyika uwanjani, mapanga ya kubanjia nazi wameyaweka chini. Barabara ya Kanga ni mbovu, na kila shimo tulilijua kwa jina.

Lori liliposimama Zuhura hakuinuka. Nilikwenda mimi. Makame alikuwa juu ya ule ubao, amefungwa kwa kanga na kamba za usumba wa nazi, uso umevimba kama si wake. Bwana mganga alikuwa amepiga magoti ubavuni mwake. Akaniambia njiani, karibu na Kirongwe, Makame alifumbua macho, akaomba maji, akamtaja mkewe. Nikageuka nikamwita Zuhura. Akaja akitembea, akaweka kidude mkononi mwangu kama anavyokabidhi mtu zamu, akapanda lori, akamshika Makame kichwa kisitikisike. Lori likaondoka. Sikuona uso wake, alikuwa amenipa mgongo.

Nikarudi kwenye redio. Ilikuwa inaita.

"Baleni, Baleni, hapa Kanga." Sauti ya Mzee Mshamu, kwa mbali sana. "Zuhura, uko hapo? Ova."

Nikamjibu kwamba ni Bakari, Zuhura amekwenda na gari. Nilitaka kuendelea, nimweleze ya Kirongwe. Lakini nilifanya nilivyofundishwa, nikasema kwanza lile moja, ova, nikaachia nijue kama ananisikia.

Alinisikia. Alisikia kwamba mkwe wake hayupo, hana tena wa kumkinga, akabonyeza kifungo na hakukiachia. Kwanza ilikuwa pumzi tu. Kisha mzee yule wa kanzu safi akalia. Alilia kwa sauti, hewani, kambi zote zikisikia, Kilindoni, alikokuwa Meneja, ikisikia ule mvumo tu. Akasema mnazi ulikuwa na maji ya mvua. Akasema Makame alimwambia wangoje ukauke. Akasema, "Nilimpandisha mimi. Mwanangu, nilimpandisha mimi."

Msihangaike, vijana, Makame alipona. Mguu ulibaki mfupi, na sikio moja lilikufa. Lakini saa ile baba yake hakujua hata lile dogo nililokuwa nalijua mimi. Nilikuwa nalo mdomoni, kafumbua macho, kaomba maji, na sikuwa na njia ya kumpa. Mtu aliyebonyeza hasikii. Nilimwita jina lake, nikapiga meza, nikapiga kelele kwenye kidude kama mjinga, mimi niliyewafundisha watu wote wa shirika lile kwamba kelele haisaidii. Yeye alikuwa anaisema tu ile ile, nilimpandisha mimi, na betri ya Kanga inakwenda.

Mkono wake ulipochoka kifungo kikaachia.

"Kanga, hapa Baleni," nikasema. "Mzee, kafumbua macho. Kaomba maji. Kamtaja mkewe. Ova."

Mvumo. Kisha sauti nyembamba, bila jina la kambi, bila ova. "Sema tena, Bakari."

Nikasema tena.

"Sema tena."

Nikasema tena. Mara iliyofuata sikupata jibu, hata mvumo. Betri ilikuwa imekufa, au imebaki chembe inayotosha kusikia na haitoshi kusema. Sikuweza kujua ni ipi. Nikabonyeza nikasema, kafumbua macho, mzee, kafumbua macho, nikaendelea kusema mpaka jua likazama na watu wakaja kunitoa kwenye kiti.